Jina la mke wangu lilipotea, Salamu Maria ikabaki

(Haya ni maneno niliyosema kwa wagonjwa na wale wanaowalinda, kwenye sali (ukumbi) ya paroki yetu huku Kadutu, Bukavu. Wengi mliomba niyaandike. Nayaandika kwa telefone, kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hiyo nikiruka koma mtanisamehe.)

Tumsifu Yesu Kristo! ... Aksanti. Milele na milele, amina.

Wazazi wangu, ndugu na dada, na nyie vijana mliowabeba wagonjwa mpaka huku juu, poleni na ile ngazi. Mi leo nimeipanda dakika 25, na zamani nilikuwaka naipanda dakika 4 na mfuko wa madaftari begani na bado napiga mluzi. Nitaongea polepole. Si kwa heshima, ulimi wangu bado ni mzito upande mmoja, na kuna maneno yanakataaka kutoka, nayo nitayazunguka, mkinisikia nasema "ile kitu ya kuandikia" mjue natafuta kalamu. Msinisaidie haraka. Nyie mnaoishi na mtu mwenye alipata AVC, yaani kiharusi, naanza na hilo kabla sijasahau: acheni atafute neno lake. Mkimmalizia kila sentensi ataacha kuongea kabisa, si juu hawezi, juu mmemchosha.

Leo ni tarehe 29 Oktoba. Hapa Bukavu kila mtu wa umri wangu anajua hii tarehe, ndio siku waliyomuua Askofu wetu Christophe Munzihirwa mwaka 1996. Kumbe dunia nzima pia imeichukua hiyo siku kuwa siku ya AVC, mi sikujua mpaka nilipokuwa mgonjwa. Munzihirwa aliachia watu wa hapa neno moja, kwamba kuna vitu havionekane vizuri ila kwa macho yenye yamelia. Nilikuwa nalisikia hilo neno kila mwaka misani, naitika na kichwa, kisha naenda kula bugali yangu. Sikulielewa.

Mi nilikuwa mwalimu wa darasa la 5. Ile asubuhi, saa 2 na nusu, nafundisha sehemu, nusu na robo na tatu ya nne. Chaki ikaanguka. Nikainama nikaiokota, ikaanguka tena. Watoto wakacheka na mi nikacheka, ila kicheko changu kikatokea upande mmoja. Nikarudi kwa ubao kuandika, mstari ukaanza kushuka, unashuka tu, kama mtu anateremka Kadutu wakati wa mvua na viatu vimeisha. Nikageuka kuwaambia wafungue madaftari na ikatoka "ba ba ba". Hapo hawakucheka tena. Msichana mmoja wa benchi ya mbele, mwenye nilikuwaka nampigia kelele kila siku juu ya kuchelewa, ndiye alikimbia kumuita direkta.

Walinibeba vijana wanne kwenye kiti cha plastiki. Lakini hawakunipeleka hospitali, walinipeleka nyumbani. Nyumbani shemeji akasema ni karuho, ile sumu mtu anatiliwa kwa siri. Nyie mnanijua, mnajua na kwetu, mtu akianguka huku Kivu neno la kwanza ni karuho, la pili ni jirani, la tatu ni lile shamba la marehemu babu. Wakaleta dawa ya kutapisha. Wakanimiminia mdomoni, na mdomo ule nusu yake ilikuwa imekufa, haijui kumeza, ikapita njia ya mapafu, nikakohoa mpaka macho yakataka kutoka. Yaani ilibaki kidogo niuawe na dawa ya sumu yenye sikukunywa! Tafadhali, mtu akianguka hivyo, mdomo umeenda kando, mkono umelegea, maneno yamechanganyika, usimpe uji, usimpe maji, usimpe hata kidonge chake cha tansio (presha ya damu), mpaka muganga aangalie kama anameza. Mlaze ubavu, tafuta pikipiki ao taksi, nenda.

Kutoka kwa dawa tukaenda chumba cha maombi. Tukafika hospitali saa 9 ya mchana. Hesabuni, mi ni mwalimu, tangu saa 2 na nusu mpaka saa 9 ni masaa 6 na nusu. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu, na kwanza lazima wakupitishe kwa skana waone kama mshipa umeziba ao umepasuka, juu ukiwa umepasuka ile dawa itakumaliza. Najua kwa wengi wetu hiyo dawa ni hadithi ya mbali. Lakini hata bila hiyo, masaa ni ubongo. Kila dakika tuliyokaa tunabishana juu ya karuho, kuna kitu ndani ya kichwa changu kilikuwa kinazimika.

Tansio walikuta 21 kwa 12, yaani 210 kwa 120. Ikifika 14 kwa 9 (140 kwa 90) na kubaki hapo, tayari wanasema uko na tansio. Na hapa niseme kitu chenye kinaniuma kusema mbele ya mapadri. Kidonge cha tansio nilikuwa nakijua. Nilikiacha miezi mitatu mbele, juu nilijisikia mzima, na juu bei, lakini zaidi juu nilisimama kwenye kundi la maombi nikatoa ushuhuda kwamba Bwana ameniponya tansio. Watu wakapiga makofi. Nani alinipima? Hakuna. Tansio haiumi, ndio ubaya wake, inakaa ndani kimya kama mpangaji mwenye halipi. Mungu hakunidanganya, mi ndiye nilimsemea kitu hakusema.

Basi, hospitali. Mkono wa kuume umelala, mguu wa kuume umelala, na maneno hakuna. Dokta alinieleza nyuma kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaendesha upande wa kuume wa mwili, na kwa watu wengi maneno pia yanakaa huko kushoto, kwa hiyo vyote viliondoka pamoja. Nilikuwa naelewa kila kitu. Hiyo ndiyo watu hawajue. Wageni walikuja wakasimama juu ya kitanda wakasema "huyu tena basi", "watoto wake bado wadogo maskini", na mi nawasikia, nawajua kwa majina, siwezi kujibu. Mnaolinda wagonjwa, chungeni midomo. Yule anasikia.

Usiku wa nne mke wangu ameketi, amechoka, ameegemea ukuta. Nataka kumuita. Natafuta jina lake. Miaka 22 naliita hilo jina, naliona pale kama kitu kilichoanguka chini ya kitanda, nanyoosha mkono siifikie. Yeye bila kujua akatoa rozari akaanza kusali polepole. Alipofika katikati mdomo wangu ukafunguka wenyewe na ikatoka Salamu Maria nzima, tangu mwanzo mpaka amina, hakuna neno limekosekana! Mke wangu akapiga yowe, mfirmie (muuguzi) akakimbia akifikiri nimekufa.

Nilipojaribu kusema jina lake, "ba ba ba". Salamu Maria, nzima. Kuhesabu moja mpaka kumi, nzima. Siku za juma, zinatoka zote kama maji. Maji ya kunywa, siwezi kuomba.

Si muujiza, ao tuseme si muujiza wa namna tunavyoipenda. Vitu ulivyorudia tangu utoto, sala, nyimbo, kuhesabu, havipitie njia moja na maneno ya kutafuta. Watu wengi wenye walipoteza maneno bado wanaweza kuimba. Ninyi mlio na mgonjwa asiyeongea jaribuni leo jioni, mwanzishieni wimbo alioimba akiwa mtoto, muone.

Ila shida, nilikuwa na neno moja tu kwa kazi zote. Nikitaka maji, Salamu Maria. Nikitaka wanigeuze, Salamu Maria. Mama mmoja wa kitanda cha pili akaanza kuwaambia watu kwamba huyu mwalimu ni mtakatifu anasali usiku na mchana, akamleta na mgonjwa wake nimuombee. Kumbe mi nataka bakuli ya kukojolea. (Mnacheka. Na mke wangu ule usiku alicheka kwa mara ya kwanza tangu nianguke.)

Nilifikiria sana pale kitandani, kazi nyingine sikuwa nayo. Miaka ya nyuma nilikuwa nimeanza kudharau rozari. Nilisema kurudia-rudia ni mambo ya kasuku, mtu aombe kwa maneno yake mwenyewe, kwa moto, kwa sauti. Sikatae sala ya namna hiyo. Lakini maneno yangu mwenyewe yote yaliondoka asubuhi moja, pamoja na chaki. Yalibaki yale ya marehemu mama, aliyoyatia mdomoni mwangu nikiwa na miaka kama mitano, jioni, yeye anachambua maharagi na mi nasinzia kwa mkeka, ananigonga na mguu, "rudia". Nilipokuwa siwezi kusali, yeye ndiye alikuwa anasali, kwa mdomo wangu.

Msifikiri hapo nilipata amani. Hapana. Shirika letu lilichanga tukalipa hospitali, Mungu awabariki, wengine walitoa franka 500 na najua hawakula vizuri ule usiku. Nikarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mubaya. Kila mgeni akija anafungua Marko sura ya 2, yule mwenye kupooza aliyeshushwa kwa dari na watu wanne. Kila mgeni! Nilisomewa mpaka nikaijua kwa kichwa, na kila akimaliza kusoma ananiangalia, kama anangoja nichukue mkeka niende. Nikaanza kuchukia ile sura. Nilimuuliza Mungu, yule alisimama siku moja, mi mwezi wa pili huu, nilikukosea nini. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, nirudishie yule mwalimu, kama alivyokuwa, mkono wake, sauti yake, darasa lake. Nilikuwa kama mtu anadai deni.

Na kulikuwa na kulia. Nalia bila sababu, mtu anasema habari ya bei ya samaki sambaza mi nalia. Siku nyingine nacheka kwenye kilio cha jirani, fikiria aibu. Ndugu wakasema ni pepo, wakataka kunipeleka tena. Ni dokta aliwaambia hiyo ni jeraha la ubongo, kulia na kucheka vinakatika kamba. Na huzuni pia, ile ya kweli, ya kutotaka kuoga, kutotaka kuamka, karibu mtu mmoja kwa watatu baada ya AVC inamshika. Si kukosa imani. Inatibiwa. Usimpige mtu wako na Biblia juu ya hiyo.

Sasa maharagi.

Kijana wa kine, yule wa kufanyisha mwili mazoezi, alikuwa anakuja kila siku ya tatu, na siku zingine alisema nijifanyishe mwenyewe. Kazi yake ya mkono ilikuwa hivi: sahani mbili kwa meza, moja iko na maharagi, ingine tupu, na mkono wa kuume uhamishe moja moja. Nilikataa. Mwanaume mzima, mwalimu, nachezea maharagi kama mtoto wa gardini? Aliponiambia kwamba ubongo unajifunza njia mpya kwa kurudia tu, mamia ya mara, kila siku, na kwamba miezi mitatu ya kwanza ndio inaenda haraka zaidi ila hata kisha haifungi mlango, nilimuangalia huyu kijana na nikasikia sauti ya mama. Rudia.

Nikahesabu maharagi 53. Rozari moja iko na Salamu Maria 53, zile tatu za mwanzo na makumi matano. Nikaanza. Haragi moja, Salamu Maria moja. Kidole gumba kinaenda, kile cha pili kinakataa, haragi linaponyoka linaenda chini ya kabati, mtoto wangu wa mwisho analala kwa tumbo analitafuta. Rozari ya kwanza ilinichukua saa moja na nusu na maharagi 30 na kitu yalikuwa chini. Nilitukana. Namuomba Mama Maria msamaha, katikati ya sala nilitukana. Kesho yake tena. Kesho yake tena. Juma la tatu, yalianguka 11. Kuna siku yalikuwa 6 kisha kesho yake 19, juu sikulala vizuri, na nilijifunza kutokasirika na 19.

Siwezi kuwaambia ni siku gani ile amani ilikuja. Haikuja na kishindo. Siku moja nilimaliza yote 53, nikaona nje kumekuwa giza, ziwa limebadilika rangi kule chini, wavuvi wa sambaza wamewasha taa zao, na nikagundua kwamba kwa saa nzima sikuwa nimeomba nirudishiwe kitu. Nilikuwa tu pale, na haragi, na lile jina. Nikaogopa kidogo. Nikasema kumbe mtu anaweza kukaa hapa.

Na jina la mke wangu lilirudi. Mwezi wa tano, anapika mboga ya sombe, nikamuita kutoka nje kama zamani, bila kutafuta. Alitoka na mwiko mkononi. Hakusema kitu. Sombe iliungua na tuliila hivyo hivyo.

Shule hawakunirudisha. Darasa la 5 walimpa kijana mwingine, anafundisha vizuri, na sitasema zaidi. Iliniuma kuliko mkono. Mtu amekuwa mwalimu miaka 24, akiamka asubuhi bila darasa ni nani? Nilikuwa naketi mlangoni natazama watoto wanapita na madaftari.

Kisha mama mmoja wa mtaa wa chini akaja. Bwana yake, fundi wa viatu, alianguka kama mi, mkono ule ule, maneno hakuna. Akasema mwalimu, wewe ulipita huko, kuja umuone tu, yeye anatupa sahani na kumpiga mtoto. Nilishuka na fimbo yangu, nusu saa. Nilimkuta amegeukia ukuta. Sikumsomea Marko 2! Nilikaa. Nilijua yuko ndani mule anasikia, na kwamba amechoka na watu wanaoongea. Tulikaa kimya kama saa moja hivi. Nilipotaka kuondoka nikatoa mfukoni maharagi, nikayaweka kwa kitanda, nikaanza kuhamisha kwa mkono wangu mubaya, na lingine likaanguka, na yeye akageuka kuangalia. Yeye si mkatoliki, ni wa Sepaki, kanisa la Kipentekoste, rozari haijui. Basi tulihesabu. Moja, mbili, tatu, na kwa nne sauti yake ikaingia ndani ya yangu.

Sasa niko na wanafunzi saba. Siku ya pili na siku ya tano nateremka, mmoja mmoja. Hakuna prime (malipo), hakuna direkta. Mmoja amekufa mwezi uliopita, AVC ya pili, alikuwa ameacha kidonge, nilimkalipia na bado aliacha. Sitawaficha hiyo.

Na ile Marko 2 nimerudiana nayo. Siku hizi naisoma naangalia dari. Wale wanne walitoboa nyumba ya mtu. Nani aliitengeneza? Maandiko hayasemi. Mi nafikiri, na padri atanisahihisha, kwamba ni yule aliyebebwa, alirudi kesho yake na udongo na fito, juu mkono wake sasa ulikuwa unafanya kazi na ile tundu ilitobolewa juu yake. Mi mkono haujapona wote, kifungo cha juu cha shati bado ananifungia mke wangu. Ila kuna tundu za watu naweza kuziba kwa huu wa kushoto.

Nisiwachoshe, jua linashuka na kuna watu wa kwenda mpaka Bagira. Vidonge: mi nimevifunga na sala ya asubuhi, sahani moja, rozari na kidonge, siwezi kuchukua moja niache kingine. Chumvi: OMS, shirika la afya la dunia, inasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, ni kijiko kidogo cha chai, na makayabo (samaki wa chumvi) ya jana usiku peke yake ilikuwa imepita hapo, tena na zile kibe mbili za kiungo tunazotia kwa sombe. Wamama mnanisikia. Mkono uliolegea msiuvute kumuinua mgonjwa, bega linatoka, shikeni mwili.

Kule kwa mlango wa kushoto tumeweka meza, iko na mashini ya tansio, shirika liliinunua, kupima ni bure. Mi ndiye napima. Kile kitambaa cha mkono siwezi kukifunga vizuri kwa hiyo yule msichana wa benchi ya mbele atanisaidia, ndiyo, yule yule, sasa yuko sekondari na bado anachelewa. Mpumzike dakika 5 kwanza, msije mnahema na ile ngazi. Tuanze na baba ule wa nyuma mwenye amesinzia tangu karuho. Mwamsheni polepole.